Ukitaka kuchonga umati wa barabarani, anza na sehemu nyeusi

Wanafunzi wangu wa uchapaji wa mbao (picha huchongwa ubaoni, ubao ukapakwa wino na kuchapwa karatasini; palipochongwa hutoka peupe) wanapochagua kuchonga stendi ya daladala, karibu wote huanza na nyuso. Macho, pua, vifungo vya shati, mpaka ubao unajaa mikwaruzo na stendi yenyewe haionekani. Hapo huwatolea kazi za Félix Vallotton.

Vallotton alizaliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1865, akahamia Paris mwaka 1882 kusomea uchoraji. Alipoanza kuchonga mbao mwaka 1891, wachongaji wengi wa magazeti walitafuta kijivu kwa mistari myembamba iliyosongamana. Yeye aliachana na kijivu. Kwake ni weusi na weupe, basi.

Itazame "La Manifestation" ya 1893. Watu wanatimka kwenye maandamano, nasi tunawaona kutoka juu kana kwamba tuko dirishani. Umati umesukumwa huko juu ya picha, na sehemu kubwa iliyobaki ni karatasi tupu. Utupu huo ndio barabara, tena ndio hofu yenyewe. Kila nikiitazama naona wamekimbia hata kabla sijaona sura ya mtu.

Kwa hiyo usianze na penseli, maana itakuvuta kwenye mistari. Chukua brashi na wino, upake weusi wote kwenye karatasi nyembamba kwanza. Makoti mawili meusi yakigusana, yaache yawe umbo moja; kofia na miguu vitatuambia ni watu wangapi. Miguu usiipuuze kabisa, kwani ndiyo inayoonyesha nani ana haraka na nani anazubaa. Katika "Le Coup de vent" ya 1894 upepo tunausoma kwenye miili na nguo za wapita njia.

Kisha igeuze karatasi ndipo unakili ubaoni, kwa sababu chapa hutoka kinyume: kibao cha duka kisipogeuzwa hakitasomeka, na anayekwenda kulia atakwenda kushoto.

Ondoa maeneo makubwa meupe kwa bobari pana (patasi yenye ncha ya mviringo), lakini nyuso ziache nyeusi. Paka wino, chapa nakala ya kwanza, itundike ukutani uitazame kwa mbali. Kama mtaa tayari unasomeka, chonga nyuso mbili tatu tu, kila moja kwa mikato michache. Kama hausomeki, ongeza weupe kati ya makundi ya watu kabla hujagusa sura yoyote.