T3 iliyoshuka wakati wa ugonjwa haimaanishi kuwa tezi imekufa

Swali: Daktari, pole na kazi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, alilazwa kwa nimonia kali. Siku ya nne alipimwa homoni za tezi ya thairoidi, ile ya shingoni: T3 ilikuwa chini sana, T4 ya kawaida, na TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, chini kidogo ya kiwango. Sasa ni wiki ya pili tangu arudi nyumbani na bado amechoka. Muuza virutubisho mmoja alitaka apimwe pia T3 kinyume, ikaonekana iko juu, naye anasema tezi imezimika na vidonge vya T3 vitamrudishia nguvu. Je, tumnunulie?

Jibu: Msimnunulie. Karatasi za majibu kama hizi naletewa mara kwa mara, na mara nyingi zimeshapita mikononi mwa mtu aliyesoma namba bila kuuliza damu ilichukuliwa lini na mgonjwa alikuwa katika hali gani. Kwa mtu aliye katika siku ya nne ya nimonia kali, T3 iliyoshuka ndiyo ninayoitarajia. Ningeshangaa zaidi kama ingekuwa ya kawaida.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni dhana kwamba T3 yote hutoka kwenye tezi, hivyo ikipungua basi tezi ndiyo mgonjwa. Tezi hutoa hasa T4, yenye atomu nne za iodini, na takriban asilimia 80 ya T3 hutengenezwa nje ya tezi, katika ini, figo, misuli na tishu nyingine, pale vimeng'enya viitwavyo deiodinasi vinapoondoa atomu moja ya iodini kutoka pete ya nje ya T4. Atomu hiyo ikiondolewa kwenye pete ya ndani badala ya ile ya nje, hupatikana T3 kinyume, ambayo haifanyi kazi ya homoni.

Nimonia inapopamba moto, seli za kinga humwaga saitokini, yaani protini ndogo zinazosambaza habari ya hatari mwilini, zikiwemo interlukini-1, interlukini-6 na TNF-alfa, na habari hiyo haikomei kwenye mapafu. Ndani ya ini, saitokini hizo hupunguza deiodinasi ya aina ya kwanza, ambayo hutengeneza T3 na pia huiondoa T3 kinyume. Wakati huohuo deiodinasi ya aina ya tatu, ambayo kazi yake ni kuizima homoni, huamka. Imekutwa katika ini na misuli ya wagonjwa mahututi, na hata ndani ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria. Kwa hiyo T3 kinyume ya mama yako iko juu kwa sababu zilezile zilizoishusha T3, na kuipima hakukuongeza habari yoyote isipokuwa gharama. Mgonjwa asiyekula vizuri huongezewa jambo jingine, maana kukosa chakula peke yake huishusha T3.

Lakini mbona TSH haikupanda kuidai tezi ifanye kazi zaidi? Katika panya waliodungwa sumu ya bakteria, deiodinasi ya aina ya pili huongezeka ndani ya haipothalamasi, T3 ya sehemu hiyo ya ubongo hupanda, na ubongo huona homoni inatosha ilhali damuni imepungua. Dawa za wodini pia huchangia, hasa deksamethasoni na dopamini, ambazo huishusha TSH. Ulizeni kama alipewa mojawapo.

Wataalamu bado wanabishana kama mabadiliko haya ni kinga ya mwili au ni sehemu ya madhara ya ugonjwa. Kuhusu kuyatibu kwa homoni, majaribio yamekwisha kufanyika. Mwaka 1986 Brent na Hershman waliwapa T4 wagonjwa mahututi waliokuwa na T4 ndogo: T4 ya damu ilipanda, lakini vifo havikupungua. Mwaka 2000 Acker na wenzake waliwapa T4 wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa ghafla, na waliopewa dawa wakafa wengi zaidi. Mtu anayeuza T3 kwa mgonjwa aliyetoka kitandani wiki mbili zilizopita anapaswa kueleza anajua nini ambacho majaribio hayo hayakukiona.

Mama yako apimwe tena TSH na T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, angalau wiki sita baada ya kupona, si wiki hii. Katika kipindi cha nafuu TSH inaweza kupanda kwa muda hadi kukaribia 20, na kipimo cha haraka kingewadanganya kwa upande wa pili. Nitaanza kufikiria ugonjwa halisi wa tezi ikiwa TSH itabaki juu, au ikiwa aliwahi kufanyiwa upasuaji wa shingo. T4 na TSH zikibaki chini zote mbili, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotoa TSH, ichunguzwe. Uchovu wa wiki kadhaa baada ya nimonia kali ni wa kawaida, ila homa ikirudi au pumzi ikimbana, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge vya T3 vikitumiwa bila sababu huufanya moyo kwenda mbio, huweza kuuvuruga mdundo wake, na vikiendelea hupunguza uzito wa mifupa. Vilevile huishusha TSH, kiasi kwamba miezi baadaye daktari hawezi tena kujua tezi ya mgonjwa ilikuwaje. Unga wa tezi za wanyama una hatari hizohizo, na dozi kubwa za iodini, ambazo huuzwa kwa jina la kuamsha tezi, zinaweza kuidhoofisha tezi iliyokuwa nzima au kuifanya itoe homoni kupita kiasi.

Wale wanaotumia levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, kwa sababu tezi yao iliondolewa au iliharibika, wasiyachukulie maneno haya kuwa ruhusa ya kuacha dawa wanapougua. Waendelee na dozi yao, na wakilazwa wamwambie daktari wa wodi siku ya kwanza kabisa.