Leseni Inaisha Mei, Fedha Zinakuja Julai

MUULIZE MAMA FUNDI

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mkuu wa kitengo cha TEHAMA katika chuo chenye wanachuo kama 1,800, mabweni manne, maktaba na ukumbi mmoja mkubwa. Tumepata fedha za kufunga WiFi, aksesi pointi 40 (vile vifaa vya darini vinavyorusha WiFi), na wamebaki wazabuni watatu. Wa kwanza analeta aksesi pointi za Meraki pamoja na leseni za miaka mitatu. Wa pili analeta UniFi, hazina leseni, na bei yake haifiki nusu ya ile ya wa kwanza. Wa tatu ana Aruba, bei ya katikati, ila kwenye profoma yake kuna mstari umeandikwa "usajili wa Central, mwaka 1", na hapa kwetu hakuna aliyeuelewa. Afisa ugavi anasema bei ndogo ndiyo bei. Mhasibu anasema rahisi huvunja upishi. Mkuu wa chuo ananitazama mimi. Nichukue ya nani?
Msomaji, Iringa

Marahaba mwanangu. Hao wote wanabishana juu ya bei ya mwaka wa kwanza, na huo ndio mwaka ambao fedha mnazo. Waite wazabuni, uwaulize swali moja tu: siku leseni ikiisha na chuo hakijalipa, wanachuo wangu watapata nini?

Wa Meraki akiwa mkweli atakujibu hivi: mtapewa siku 30 za nyongeza, zikipita mtandao unasimama. Aksesi pointi zitabaki darini, nzima kabisa, mmezilipia, na hazitapitisha hata ujumbe mmoja. Huo ndio utaratibu wa leseni zao za tarehe moja kwa taasisi nzima, nao hawajauficha, umo kwenye masharti yao. Shida yake ni kalenda yetu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na wewe unajua fedha zenyewe huingia lini. Leseni ikiisha Mei, utakuwa unaandika dokezo la kuomba fedha wakati kasma imekauka, na wanachuo wako kwenye mitihani.

Hiyo tarehe moja nayo ina hesabu yake. Chukulia leseni zenu zote 40 zimebakiza miezi 24, kisha bweni jipya likafunguliwa, mkaongeza aksesi pointi tano zenye leseni za mwaka mmoja. Mfumo utachanganya muda wote na kuugawa kwa 45, na tarehe ya zote, zile za zamani zikiwemo, itarudi chini ya miezi 23. Mhasibu asipoambiwa mapema atadhani ameibiwa.

Lakini nisiwaonee. Kama kitengo chako kina fundi mmoja ambaye ndiye huyo huyo anaitwa kutengeneza printa ya mkuu wa chuo, mfumo unaosimamiwa kutoka kwenye wingu una thamani kubwa. Fundi anaona kila kifaa kwenye simu yake, masasisho yanashuka yenyewe, na kifaa kikifa kuna wa kumpigia. Kuna vyuo ambavyo ningeviambia vilipe, tena bila kigugumizi. Ila viwe na kasma ya kila mwaka ya kuhuisha leseni, yenye jina lake kwenye bajeti, isiyotegemea huruma ya mtu.

UniFi haina leseni, hilo ni kweli. Programu ya kuziongoza ni ya bure, unaiweka kwenye kompyuta yenu wenyewe. Hata kompyuta hiyo ikizimika, aksesi pointi zinaendelea kufanya kazi. Kinachokwama ni usimamizi na ule ukurasa wa kuwakaribisha wageni. Gharama yake imejificha kwenye mikono yenu. Nakala ya mipangilio itunzwe nje ya kompyuta hiyo. Sasisho jipya lijaribiwe kwanza kwenye aksesi pointi moja ya ofisini kwako, kabla halijafika bwenini. Na kuharibika kwa kifaa kutakuwa shauri lenu, kwa hiyo nunueni nne za akiba siku hiyo hiyo. Radi za huko Iringa hazisubiri zabuni.

Kuhusu Aruba, ule mstari usioeleweka ndio wenye mchezo wote. Central ni mfumo wao wa usimamizi wa kulipia. Vifaa vyao vingi vinaweza pia kufungwa kwa mtindo wa Instant, ambapo aksesi pointi moja inaziongoza wenzake bila usajili wowote, na 40 haziusumbui. Ila programu yao ya toleo la AOS 10 inataka Central. Basi mzabuni aandike, kwa saini na mhuri, atafunga mtindo gani. Akisema "tutaona tukifika saiti", mrudishie profoma yake.

Ningekuwa kwenye kiti chako ningechukua UniFi, na ile tofauti ya bei nisingeirudisha kokote. Ningeimwaga kwenye swichi na kebo. Aksesi pointi nyingi za siku hizi zinakula umeme wa PoE, yaani unaopita kwenye kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi, unaozidi wati 15.4 za kiwango cha zamani, na swichi yenye bandari 24 si lazima iwe na nguvu ya kuzilisha zote 24. Mashtaka mengi ya "WiFi mbovu" niliyoitwa kuyasikiliza yaliishia kwenye kabati la swichi, na kifaa cha darini kilikuwa hakina kosa. Kama mnatamani wanachuo wenu waingie eduroam, ile WiFi ya pamoja ya vyuo vya dunia, wazabuni wote watatu wanaiweza. Kazi iko kwenye seva ya RADIUS, ile inayohakiki jina na nywila ya kila anayeingia, na programu yake ya FreeRADIUS ni ya bure. Zungumzeni na TERNET, mtandao wa vyuo na watafiti wa Tanzania.

Kwenye mkataba weka mambo mawili, hata ukinikatalia mengine yote. Bei zilinganishwe kwa miaka mitano, leseni na usajili ndani yake. Hapo afisa ugavi na mhasibu watakuwa wanasoma karatasi moja. Na akaunti ya usimamizi isajiliwe kwa barua pepe ya chuo, si ya mzabuni wala ya fundi. Nimeona taasisi ambayo mwenye nywila aliacha kupokea simu, ikabidi waanze kukirudisha kila kifaa kwenye hali ya kiwandani, kimoja kimoja, juu ya ngazi.

Mama Fundi, kuna jamaa ananiuzia Meraki kumi za mtumba kutoka Dubai, bei ya kutupa. Ni za shule yetu. Nizichukue?
Msomaji, Mwanza

Mdogo wangu, kabla hujatoa hela mwambie akupe namba iliyoandikwa mgongoni mwa kila kifaa. Kama mwenye nazo wa kwanza hajazitoa kwenye akaunti yake, hutaweza kuzisajili kwako. Akiwa amezitoa, bado utanunua leseni kumi, na leseni hazina mtumba. Modeli chache za zamani, kama MR18, mafundi huziwekea OpenWrt, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, zikaachana na leseni, lakini hiyo ni kazi ya mtu anayeipenda, usiitwishe shule. Muulize pia kama modeli hizo zina kibali cha TCRA. Akianza kupunguza bei badala ya kujibu, achana naye.