Kwa nini Waturuki ni wengi Ujerumani

Ndugu, umeuliza kama Waturuki walifika Ujerumani kama wakimbizi. Hapana, waliitwa. Viwanda na migodi ya Ujerumani Magharibi ilikosa watu, na ukuta wa Berlin wa 1961 ukaziba njia ya vibarua kutoka Ujerumani Mashariki. Oktoba mwaka huo huo mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki ukasainiwa. Italia ilishatangulia 1955. Kule Istanbul madaktari wa Kijerumani waliwapima Waturuki walioomba kazi mpaka meno, kisha wakapandishwa treni hadi München. Kipimo kile kinaniuma kila nikikisoma, maana hata mnunuzi wa ng'ombe huanza na meno.

Waliitwa "wafanyakazi wageni", wakae miaka miwili warudi kwao. Waajiri wenyewe ndio walioukataa mpango huo: nani afundishe watu wapya kila mara? Sharti likaondolewa 1964.

Novemba 1973 serikali ikasimamisha uajiri wa wafanyakazi wageni. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani idadi ilishuka. Mtu aliogopa kwamba akiondoka atafungiwa mlango, basi wengi wakabaki na kuwaleta wake, waume na watoto. Na ni sheria ya 2000 ndiyo iliyofanya wengi wa watoto wanaozaliwa huko wapate uraia kwa kuzaliwa.