Mwanangu Huficha Shuka Uvunguni

SWALI: Mwanangu ana miaka 7 na bado hukojoa kitandani, asubuhi huficha shuka uvunguni. Je, nimwadhibu?

JIBU: La, usimwadhibu, kwani mtoto aliyelala fofofo hakojoi kwa kusudi: kibofu hujaa kabla ubongo haujazoea kumwamsha, na mara nyingi mzazi mmojawapo naye alikuwa kikojozi (waulize bibi zake). Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze vinywaji jioni, kisha aende haja ndogo kabla ya kulala. Choo kigumu nacho hukibana kibofu, hivyo kitibiwe. Shuka hilo litoeni pamoja, bila maneno. Akirudia kukojoa baada ya kukaa miezi 6 bila tatizo, akiwa na kiu isiyo ya kawaida, au akiumia anapokojoa, mpeleke kwa daktari mapema.