"Gazeti" halikutoka kwenye "magazine"

Swali: Ninatafsiri nyaraka za biashara kutoka Kifaransa na Kijerumani. Kwenye ankara ya Kifaransa nimekuta *magasin*, kwenye barua ya Kijerumani *Magazin*, na Kiingereza kina *magazine*. Je, ni neno moja? Mwenzangu kazini ameona video inayosema hata *gazeti* letu limetoka hapo: Waswahili walisikia *magazine*, wakadhani ni wingi, wakaondoa *ma-*. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Hayo matatu ni neno moja. *Gazeti* halimo, na nitakaa hapo zaidi kwa sababu dai hilo linanifikia kila mara, kila mara likiwa na pambo jipya.

Kwanza kazi yako. Mzizi ni wa Kiarabu, kh-z-n, kuweka akiba. *Makhzan* ni mahali pa kuwekea, wingi wake *makhazin*. Wafanyabiashara wa Italia waliokuwa wakinunua na kuuza katika bandari za Waarabu wakapata *magazzino*, na mpaka leo kwao ni ghala. Wafaransa wakawa na *magasin*, kwanza ghala, baadaye duka. Ndiyo maana ankara yako huenda inazungumzia duka au stoo. Tazama maneno ya jirani. Ukikuta *magasinier*, huyo ni mtunza stoo, si mwenye duka. Waholanzi wamebaki na ghala (*magazijn*), Warusi wakaenda dukani kama Wafaransa.

Wahispania wana *almacén* na Wareno *armazém*, ambayo kwa macho hayafanani na *magazzino*. Lakini Kiarabu cha Andalusia (Hispania na Ureno chini ya utawala wa Waislamu) mara nyingi kiliazimwa pamoja na kitambulishi chake *al-*, ilhali Italia ililichukua neno tupu. Linganisha *azúcar* na *zucchero*, *algodón* na *cotone*. Kosa hilohilo la kubeba *al-* likijirudia neno baada ya neno, hapo ndipo unapojua unasoma njia halisi ya biashara, wala hubahatishi.

Waingereza walilipokea katika karne ya 16 likiwa na maana ya ghala, hasa la baruti na silaha. Kutoka ghala la baruti hadi kasha la risasi ndani ya bunduki si mbali. Ndiyo *magazini* unayoisikia katika taarifa za polisi. Maana ya jarida ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1731, jijini London, Edward Cave alianza kutoa *The Gentleman's Magazine*, chapisho lililokusanya makala kutoka magazeti mengine na kuyaweka pamoja: ghala la vitu vya kusoma. Jina likashika. Kisha Wafaransa wakaazima tena kutoka Kiingereza, ndiyo maana leo wana *magasin* la duka na *magazine* la jarida, ndugu wawili kwenye kamusi moja. Kijerumani kinabeba mengi kwa pamoja: *Magazin* inaweza kuwa jarida, kipindi cha televisheni, kasha la risasi au chumba cha maktaba ambamo wasomaji hawaingii. Kwa ghala la kawaida la bidhaa Wajerumani wa leo husema *Lager*, kwa hiyo usiandike "ghala" kwa pupa kila unapoona *Magazin*.

Sasa *gazeti*. Hoja ya video ina mvuto kwa sababu Kiswahili kweli hufanya hivyo. *Madigadi* ya baiskeli yametoka kwenye *mudguard* ya Kiingereza, watu wakaona *ma-* ya wingi, wakapata *digadi* moja. Lakini mtindo kuwepo haimaanishi kila neno limepita humo. *Magazine* inaishia kwa *n*. Hiyo *t* ya *gazeti* imetoka wapi? Sijaona mtunzi wa video hizi anayejibu swali hilo, na bila jibu lake hakuna nadharia. Konsonanti hazibadiliki kwa kupenda kwetu. *N* haigeuki *t* kwa neno moja tu, peke yake, bila sababu.

*T* ilikuwepo tangu mwanzo. Katika karne ya 16, Venice ilikuwa na sarafu ndogo iitwayo *gazeta*, na karatasi za habari zilizouzwa huko zikaitwa kwa jina hilo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndiyo iliyokuwa bei yake. Wafaransa wakapata *Gazette* ya Théophraste Renaudot mwaka 1631. Waingereza nao wakaanzisha gazeti la serikali mwaka 1665, ambalo baadaye likawa *The London Gazette*. *Gazette* ukiipa irabu ya mwisho kwa kawaida ya Kiswahili, unapata *gazeti* bila kukata wala kuongeza kitu kingine. Hatuna haja ya *ma-*.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ndugu halisi wa *magazine* tunaye mdomoni kila siku na hakuna anayemtengenezea video. Ni *hazina*. Imetoka Kiarabu *khazina*, mzizi uleule kh-z-n, na *kh* ikawa *h* kama katika *habari*, *hatari* na *hasara*. Kwa sikio, *hazina* na *magazine* hayafanani hata kidogo, ila ukoo wao umethibitika. *Gazeti* na *magazine* yanafanana sana, na ukoo hayana. Anayefuata sikio tu atakosea pande zote mbili.

Ugonjwa huu hauko kwenye neno moja. Utaambiwa *sukari* ni *sugar* iliyoswahilishwa, wakati yote mawili yamepitia Kiarabu *sukkar*, nacho kimepata kutoka Kiajemi, na nyuma yake kuna Kisanskriti. Kiswahili hakikumsubiri Mwingereza kuonja utamu. Utaambiwa *news* ni herufi za mwanzo za pande nne za dunia, wakati ni *new* kwa umbo la wingi, mambo mapya. Utaambiwa *tip*, ile bakshishi ya mhudumu, ni kifupisho cha sentensi ya Kiingereza. Maneno ya kila siku kuundwa kwa herufi za mwanzo ni jambo lililokuwa nadra sana kabla ya karne ya 20, kwa hiyo ukipewa maelezo ya namna hiyo kwa neno la kale, yatilie shaka kabla hujamaliza kuyasikiliza.

Mwambie mwenzako amuulize mwenye video mambo matatu. Kila konsonanti imetoka wapi, na je, badiliko hilo linaonekana katika maneno mengine? Neno limeandikwa wapi kwa mara ya kwanza, mwaka gani? Nani alikutana na nani, bandarini au shuleni, hata neno likahama? *Meza* inayajibu yote: *mesa* ya Kireno, Wareno walikuwa pwani hii tangu mwisho wa karne ya 15. *Shule* nayo inajibu: *Schule*, enzi za Wajerumani Tanganyika.

Tena, anayenukuu kamusi aisome kwa makini. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* huweka alama za asili kama (Kar), (Kng) na (Kre), yaani Kiarabu, Kiingereza na Kireno, kwenye maneno ya kuazima. Alama hiyo inakutajia lugha iliyotukabidhi neno, basi. Haisemi lugha hiyo nayo ililipata wapi, na ukiona maneno mawili yana (Kng) usidhani yametoka tumbo moja.