Kampuni Kununua Hisa Zake Isikutie Wazimu

"Shikamoo mama. Kuna kampuni imetangaza itanunua hisa zake yenyewe. Watu wanasema ni dalili njema. Niweke laki nane zangu?"

Kijana wa Kasulu aliniandikia hivyo juzi. Nilikuwa Kibirizi, huku kwetu Kigoma, naanika dagaa, mikono imejaa magamba, ikabidi simu niiegemeze kwenye ndoo ndipo nisome. Nilicheka, kisha moyo ukaniuma. Swali hilo mimi lilishanitoa machozi.

Kikoba chetu tulikuwa kumi, kila mtu na hisa sawa. Mwaka 2023 wenzetu wawili wakataka kujitoa, na sanduku lilikuwa limenona. Mimi mweka hazina nikawa wa kwanza kusema tuwalipe, tena vizuri, tubaki nane. Faida iliyokuwa ikigawanywa kwa kumi sasa inagawanywa kwa nane, nani asiyetaka? Tulipiga makofi.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, miezi mitatu. Dagaa hakuna, marejesho hakuna. Mwenzetu mmoja akaja kukopa ada ya mwanawe. Tukafungua kufuli zote tatu, nikainua kifuniko mwenyewe. Elfu sabini. Alinitazama mimi, hakulitazama sanduku.

Kampuni nayo ikinunua hisa zake ni hayo hayo. Hisa zinapungua sokoni, kila iliyobaki inabeba faida kubwa zaidi kidogo, lakini fedha zimetoka kwenye sanduku lenu wenyewe. Berkshire Hathaway, kampuni ya yule tajiri mwekezaji wa Marekani Warren Buffett, ilinunua hisa zake za karibu dola bilioni 25 mwaka 2020, dunia ikiwa na hofu ya korona, kwa kuwa ilikuwa na akiba ya kumwaga. Mwaka huo huo Benki Kuu ya Marekani ilizizuia benki kubwa za huko kununua hisa zao na ikaziwekea ukomo wa gawio, yaani ile faida wanayogawiwa wenye hisa, ili fedha zibaki ndani. Jambo ni lile lile, masanduku ndiyo tofauti.

Sasa niacheni nijisifu. Katika miezi ile ya ziwa kufungwa, benki ya CRDB walitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa, la faida ya 2023. Nilikuwa na hisa 6,000 nilizookota kidogo kidogo tangu dagaa walipokuwa wengi. Laki tatu, ikakatwa kodi ya asilimia 5, ikaingia 285,000. Mume wangu, ambaye miaka yote aliziita "karatasi zako za Dar", aliniuliza taratibu, usiku, kama na yeye anaweza kufunguliwa akaunti.

Siyo kwamba nina akili sana. Kuna kampuni nyingine niliwahi kuinunua kwa tamaa tu ya gawio nono, kumbe gawio lilionekana nono ukilipima na bei ya hisa, kwa sababu bei yenyewe ilikuwa imeporomoka. Mwaka uliofuata hawakutoa hata senti. Nikauza kwa hasara, na shemeji yangu hajaacha kunikumbusha hadi leo kila tukikaa kula. Hata Shell, kampuni ya mafuta kubwa vile, ilipunguza gawio mwaka 2020, mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Gawio si mshahara, wanangu.

Kwa hiyo tazameni fedha taslimu. Tazameni madeni, halafu mrudi tena kwenye fedha taslimu. Kampuni inayokopa ili inunue hisa zake wakati biashara imelala, muiogope. Na ninyi mnaochukua mkopo wa kausha damu kwenda kununua hisa, hapo mimi sina la kuwasaidia, msinipigie.

Kijana wa Kasulu, nitumie taarifa ya mwaka ya hiyo kampuni, yote, siyo ule ukurasa wenye picha ya mkurugenzi. Itume leo leo. Ni mbalamwezi, mitumbwi haitoki, nina usiku mzima wa kuisoma.