Samaki wangapi kapuni? Maswali ya uwezekano yenye x

Wewe unayeanza kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne hapa Kigoma, swali la uwezekano lenye x litakusumbua zaidi kwenye asili, ile namba ya chini ya sehemu, kuliko kwenye aljebra yenyewe. Anzia hapo.

Chukua kapu la samaki pale mwaloni Kibirizi, lina migebuka x na kuhe 12. Ukichomoa samaki mmoja bila kutazama, uwezekano wa kupata mgebuka ni 3/5. Migebuka ni wangapi? Kabla ya mlinganyo wowote, andika jumla ya samaki wote: x + 12. Ndipo uandike x/(x + 12) = 3/5. Zidisha kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu, cha kila upande kwa asili ya upande wa pili: 5x = 3(x + 12), yaani 5x = 3x + 36, hivyo x = 18. Hakiki: 18/30 = 3/5. Anayeandika x/12 = 3/5 anapata 7.2, na kwa kuwa samaki hahesabiwi kwa desimali, kosa linaonekana papo hapo.

Ipo njia fupi pia, nzuri muda ukibana. Kuhe ni 2/5 ya samaki wote, nao ni 12. Basi wote ni 30.

Kosa la hatari ni lile lisiloonekana. Tuseme kwenye kapu hilohilo wameongezwa migebuka y, uwezekano ukawa 2/3. Wengi huandika (18 + y)/30 = 2/3 na kupata y = 2, namba nzima, safi, nao husonga mbele kwa furaha. Lakini migebuka wakiongezeka, jumla nayo inaongezeka: (18 + y)/(30 + y) = 2/3, hivyo 54 + 3y = 60 + 2y, na y = 6. Rudisha jibu kwenye swali: 24/36 ni 2/3 kweli, ilhali ile 2 inaleta 20/32, ambayo ni 5/8. Usiache kuhakiki hata siku moja.

Wakichomolewa wawili mfululizo bila kurudishwa, kwa samaki wa pili asili hupungua kwa 1, na kiasi pia ikiwa wa kwanza alikuwa mgebuka. Samaki 10, migebuka x, uwezekano wa wote wawili kuwa migebuka ni 1/3: x/10 × (x − 1)/9 = 1/3, hivyo x² − x − 30 = 0, na x ni 6 au −5. Andika zote mbili, kisha ikatae −5 kwa maandishi: idadi ya samaki haiwi hasi.